Mmetuambia tumtambue mgeni, sasa tupeni njia ya kumtambua: barua ya wazi kuhusu nyumba za kukodi kwa siku

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Afisi ya usajili wa watu. Kamishna wa Kulinda Data. Na Inspekta Jenerali wa Polisi, Nairobi.

Waheshimiwa,

Januari 2024 wanawake wawili vijana waliuawa ndani ya nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, mmoja South B na mwingine Roysambu, na siku zilizotenganisha vifo hivyo zilikuwa chache. Tarehe 27 mwezi huo huo watu walijaza barabara za Nairobi na miji mingine wakipinga mauaji ya wanawake. Wizara ya Utalii ikaagiza nyumba zote za aina hii zisajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na tangu hapo kila mwenye nyumba anatarajiwa kujua anamlaza nani. Agizo lile lilikuwa la haki na hatuandiki kulipinga. Tunaandika kwa sababu tulipewa wajibu bila kifaa cha kuutekelezea, na pengo hilo linawahatarisha wageni, wenye nyumba, na zaidi ya wote wafanyakazi wa usafi wanaoingia vyumbani wakiwa peke yao.

Muulize mwenye nyumba yeyote anamtambuaje mgeni. Atakujibu kwamba alimwambia atume kitambulisho. Mgeni hupiga picha ya upande wa mbele, huituma kwa WhatsApp, hupewa namba ya kisanduku cha ufunguo, basi. Picha ile inathibitisha jambo moja tu, kwamba aliyeituma anayo. Haithibitishi kwamba kadi ni yake, wala kwamba kadi yenyewe ipo, wala kwamba atakayelala ndiye aliyetuma. Na picha za vitambulisho vya Wakenya zimetapakaa kila mahali: kwa mawakala wa laini za simu, kwenye kompyuta za saiba, kwenye meza za mapokezi, kwa watu waliotangaza kazi ambazo hazikuwepo. Ndiyo maana tunahimizwa kubonyeza *106# ili kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa majina yetu, na wapo wanaokuta namba wasizozijua.

Tuanze na yale ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya kwa mikono yake mwenyewe, maana hatutaki kuonekana tunaitua kazi yetu na kuwabebesha nyinyi.

Kadi za taifa zilizokuwa zikitolewa kabla ya kadi ya Maisha zina mistari mitatu ya herufi na tarakimu upande wa nyuma, yenye alama nyingi za <. Mistari hiyo hurudia yaliyoko mbele, yakiwemo majina na tarehe ya kuzaliwa. Anayeichezea kadi kwa programu ya picha mara nyingi hubadilisha upande wa mbele na kuusahau wa nyuma, kwa hiyo anayeomba upande mmoja tu amejinyima ukaguzi rahisi kuliko wote. Tarehe kule nyuma huandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: aliyezaliwa 15 Machi 1990 ataonekana 900315. Kadi ya Maisha ina chipu na tarehe ya kuisha muda, miaka 10 tangu kutolewa. Ile ya zamani haikuwa na tarehe hiyo, na ukiiona imeandikwa juu ya kadi ya zamani una sababu ya kusimama hapo hapo.

Paspoti ina ukaguzi wa hesabu, na ni ajabu ni watu wangapi katika biashara hii hawajawahi kuelezwa. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili. Wa pili huanza na namba ya paspoti ikifuatwa na tarakimu moja ya ukaguzi, kisha herufi tatu za uraia, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu yake ya ukaguzi, jinsia, tarehe ya kuisha na tarakimu yake. Chukua tarehe ya kuzaliwa, zidisha tarakimu zake kwa 7, 3, 1, halafu 7, 3, 1 tena, ujumlishe, na tarakimu ya mwisho ya jumla ndiyo ya ukaguzi. Kwa 900315: 9 mara 7 ni 63, sufuri mbili hazileti kitu, 3 mara 7 ni 21, 1 mara 3 ni 3, 5 mara 1 ni 5. Jumla ni 92, kwa hiyo tarakimu inayofuata lazima iwe 2. Ikiwa nyingine, ama umeisoma vibaya ama picha hiyo imeguswa. Namba ya paspoti yenye herufi huhesabiwa vivyo hivyo, A ikiwa 10, B 11, hadi Z 35, na alama ya < ni sufuri. Kanuni hii ni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga na ni moja kwa nchi zote, na kuifanya kwa kalamu huchukua dakika moja.

Baada ya karatasi huja uso. Simu ya video ya sekunde 30 ni bora kuliko picha 10, mradi ipigwe mgeni akiwa amesimama getini na si siku moja kabla. Aishike kadi kando ya shavu lake, ageuze kichwa kushoto na kulia, apitishe kiganja mbele ya uso. Video iliyorekodiwa zamani haiwezi kutii maagizo hayo, na nyingi za zile za bandia huvurugika kiganja kinapopita. Hakuna haja ya kuihifadhi simu hiyo; kinachoandikwa ni saa iliyopigwa na jina la aliyeipiga. Namba ya mgeni nayo ipigwe na kusikika ikiita mkononi mwake. Ujumbe wa malipo ya M-Pesa ulete jina linalolingana na kitambulisho. Likitofautiana si kosa, kwa kuwa wengi hulipiwa na ndugu au mwajiri, lakini ni swali la kuulizwa kabla mlango haujafunguliwa.

Haya yote yakifanywa vizuri, bado pengo moja linabaki: kadi halisi ya mtu mwingine mwenye sura ya kukaribiana, au kadi bandia iliyotengenezwa kwa uangalifu mbele na nyuma. Hapo macho hayafui dafu. Jibu liko kwenye sajili ya watu, na sajili ni yenu.

Benki na kampuni za simu huhakiki vitambulisho kupitia mfumo jumuishi wa usajili wa watu, ule unaojulikana kwa herufi zake IPRS. Mteja wa benki huhakikiwa kabla ya kupewa akaunti. Mwenye nyumba anayemkabidhi mtu asiyemjua ufunguo wa chumba chenye kitanda, kisu cha jikoni na mlango unaofungwa kwa ndani hana pa kuuliza. Tunaomba dirisha, na tunaomba liwe dogo kadiri iwezekanavyo.

Mwenye nyumba aliyesajiliwa aingize vitu vitatu: namba ya kitambulisho, jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa. Mfumo umtumie mwenye kitambulisho namba ya siri ya tarakimu sita kwa simu iliyo kwenye akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mgeni aisome namba hiyo, mwenye nyumba aiingize, na jibu liwe moja kati ya mawili: inalingana, au hailingani. Lisije na picha, wala mahali alikozaliwa, wala majina ya wazazi. Pamoja na jibu ije namba ya kumbukumbu, na namba hiyo ndiyo iandikwe daftarini badala ya picha ya kadi.

Tunajua pingamizi litakalokuja, kwamba watu watalitumia dirisha kuchunguza wapenzi, wadeni na majirani. Ndiyo sababu ya namba ya siri: bila mwenye kitambulisho kukubali, swali haliendi popote. Tena namba ya siri inatatua tatizo ambalo jibu la ndiyo au hapana peke yake lisingelitatua, kwa maana aliyeiba au kuokota kadi hatakuwa na simu ya mwenyewe mkononi. Wekeni pia kikomo kwa kila leseni, kwani nyumba ya vyumba viwili haina sababu ya kuuliza mara 50 kwa siku. Kila mwananchi aone kwenye akaunti yake nani aliuliza na lini. Na ada isiwe ya kuwafukuza watu. Chumba cha shilingi 1,500 kwa usiku hakiwezi kubeba ada ya shilingi 100 kwa kila kichwa. Mwenye nyumba atarudi kwenye picha ya WhatsApp, na hatutamlaumu.

Mfumo utakwama. Utakwama Ijumaa saa nne usiku, mgeni akiwa na mtoto amelala begani. Usipoandikiwa njia ya dharura tangu mwanzo, watu wataizoea njia yao wenyewe na hawatarudi. Njia tunayopendekeza ni hii: simu ya video ifanyike, namba ya kadi iandikwe, namba ya siri iombwe mtandao ukirudi, na swali likubaliwe ndani ya saa 24 likiwa na alama ya kuchelewa. Mwenye nyumba ambaye nusu ya maswali yake yana alama hiyo atajulikana.

Wageni kutoka nje ni rahisi zaidi kuliko inavyodhaniwa. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza na kutumia kibali cha kusafiri cha mtandaoni, eTA, na anayekiomba hueleza atakakolala. Taarifa tayari mnayo. Dirisha hilo hilo liweze kulinganisha namba ya kibali na ya paspoti. Waganda na Wanyarwanda huruhusiwa kuingia kwa kadi zao za taifa, kwa hiyo fomu inayotambua paspoti na kadi ya Kenya pekee itakuwa imewasahau majirani. Wakimbizi kutoka Kongo, Somalia na Sudan Kusini wana kadi halali zilizotolewa na serikali hii hii. Wasipowekewa nafasi, mwenye nyumba atawakataa kwa kuogopa kukosea, na kosa litakuwa la fomu.

Hapa tuseme jambo linalotukera. Tayari kuna nyumba ambako Mkenya Msomali huulizwa kadi, barua na mdhamini, huku mzungu akipokewa kwa tabasamu na kuoneshwa nywila ya intaneti. Kuna nyumba zisizompokea mwanamke aliye peke yake. Ibara ya 27 ya Katiba haina utata juu ya hilo. Utambuzi una faida pale tu unapomhusu kila mtu kwa kipimo kimoja. Ukiwa wa kuchagua, mhalifu huhitaji tu kufanana na yule asiyeulizwa.

Sasa suala la kuhifadhi, ambalo kwetu lina uzito sawa na la kuhakiki. Hivi leo picha ya kitambulisho cha mgeni hukaa kwenye simu ya mwenye nyumba, ya wakala, ya keateka na ya anayefua mashuka, na nakala huhifadhiwa yenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni ya kila mmoja wao. Simu ikiibwa au kuuzwa, hazina hiyo huenda nayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na uvujaji uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Kanuni za usajili za 2021 zinawataja watoa huduma za malazi kati ya wanaopaswa kujisajili hata wakiwa na mapato madogo, na biashara ndogo hulipa shilingi 4,000 kwa cheti cha miezi 24. Wenye vyumba wengi hawajawahi kusikia habari hiyo. Unganisheni usajili huo na ule wa utalii, fomu moja na malipo ya mara moja, na muandike muda wa kuhifadhi kwa tarakimu. Sisi tungeweka hivi: picha ya kitambulisho isihifadhiwe kabisa, daftari la majina na namba za kumbukumbu mwaka mmoja, video za kamera siku 30.

Tumeangalia wenzetu. Italia humtaka mwenye nyumba apeleke majina ya wageni polisi kupitia tovuti maalumu ndani ya saa 24 tangu kuwasili, au saa 6 kwa anayekaa chini ya siku moja. Novemba 2024 wizara yao ya mambo ya ndani ilitoa waraka kwamba kumwachia mgeni ufunguo kisandukuni bila kumwona hakutoshi kuwa utambuzi, na waraka huo ukapelekwa mahakamani. Uhispania, tangu 2 Desemba 2024, hudai orodha ndefu ya taarifa na kuzihifadhi miaka mitatu. Mifumo yote miwili hupandisha taarifa juu bila kumrudishia mwenye nyumba chochote: anapeleka jina la uongo, mfumo unalipokea, na usiku unapita. Msiige hilo. Polisi wakipata orodha kesho yake, aliyeuawa usiku hajasaidiwa.

Na orodha ya nani? Majukwaa makubwa kama Airbnb humhakiki anayeweka nafasi. Hayawahakiki anaofuatana nao, wala hayampi mwenye nyumba nakala ya kitambulisho. Tena sehemu kubwa ya biashara hii haipiti huko kabisa. Hupitia namba ya simu iliyobandikwa ukutani, kurasa za Instagram na TikTok, na mawakala wanaogawana kamisheni. Hatari mara nyingi haimo kwenye jina la aliyelipa bali kwa mtu wa pili, yule anayefika saa tatu usiku na kuondoka kabla ya alfajiri. Kanuni inayomtambua mlipaji peke yake imeacha kazi nusu. Tunapendekeza kila mtu mzima atakayelala, na kila anayemtembelea mgeni na kubaki baada ya saa nne usiku, apite kwenye dirisha lile lile. Itawaudhi baadhi ya wateja. Tuko tayari kuwapoteza.

Hilo linatupeleka getini. Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 inamruhusu mlinzi kuomba kitambulisho na kuandika saa ya kuingia na kutoka, na inamkataza kuzitumia taarifa hizo kwa jambo jingine. Nendeni geti lolote la fleti muone hali ilivyo: kitabu kiko wazi juu ya kimeza, kalamu imefungwa kwa uzi, na kila anayeingia husoma jina, namba ya simu na nyumba ya waliomtangulia. Kila mwanamke wa mji huu anajua maana ya kupokea ujumbe usiku kutoka kwa mtu aliyeipata namba yake kitabuni. Mtu akimfuatilia mwanamke, kitabu hicho humwonesha hadi mlango. Mlinzi hahitaji namba ya simu ya mgeni. Anahitaji namba ya nafasi iliyowekwa, idadi ya watu, namba ya gari na saa. Jina na namba vibaki kwa mwenye nyumba aliyesajiliwa, ambaye ndiye atakayejibu siku ya kuulizwa. Mlinzi naye apewe jambo moja zito la kuandika ambalo leo haliandikwi: saa ya kutoka. Kurasa nyingi zina safu ya kuingia iliyojaa na ya kutoka iliyo tupu, na mpelelezi anaihitaji safu hiyo ya pili kuliko ile ya kwanza.

Tugusie na usalama wa wanaofanya kazi ndani. Anayesafisha huingia chumba asichojua kina nani, mara nyingi akiwa mmoja, kwa sababu saa ya kuondoka imepita na mgeni hajibu simu. Utaratibu wake si mgumu, ila hauko kwenye mwongozo wowote wa leseni. Apige simu mara mbili, dakika 10 zikipishana. Abishe kwa sauti na kutaja kazi yake. Asiingie bila mtu wa pili amesimama mlangoni. Mlango uachwe wazi muda wote, ufunguo ubaki mkononi mwake na si kitasani, maana ufunguo ulioachwa nje umeshamfungia mtu ndani. Akiona damu, dalili za mapambano, au mtu asiyeamka, asiguse chochote, asioshe chochote, atoke, afunge, apige 999 au 112, na asimame nje hadi polisi wafike. Kosa la kawaida ni kuanza kusafisha kwa kuogopa kupoteza mgeni wa jioni. Mashuka yakishalowekwa, ushahidi umekwenda. Akisikia mwanamke akilia au kupigwa ndani, asigonge peke yake kumkabili mwanamume. Apige 999, na 1195 kwa ushauri wa ukatili wa kijinsia. Namba hizi zibandikwe nyuma ya mlango wa choo, mahali ambapo mgeni anaweza kuzisoma bila kuonekana akizisoma.

Vifungo vya namba navyo vina maradhi yao. Namba ya kisanduku cha ufunguo isipobadilishwa, kila mgeni aliyewahi kulala bado ana nyumba. Ibadilishwe kila mgeni anapoondoka, isiwe mwaka wala tarakimu za mwisho za simu ya mwenye nyumba, na kisanduku kifungwe mahali ambapo kamera inakiona. Ndani kuwe na komeo ambalo haliwezi kufunguliwa kwa ufunguo wa nje, kwa sababu mgeni naye ana haki ya kulala bila hofu ya mwenye nyumba.

Kuhusu kamera, kauli moja: ndani ya nyumba hapana, sebuleni hapana, hata zikiwa zimetangazwa. Airbnb yenyewe imezipiga marufuku ndani ya nyumba tangu 30 Aprili 2024, na tunaomba leseni ya Kenya iseme vivyo hivyo kwa nyumba zote, zilizo kwenye jukwaa na zisizo. Nje, zielekezwe mlango mkuu na ngazi, na mgeni aambiwe kabla hajalipa. Linaloharibika hapa ni la kiufundi, na limeshawanyima wapelelezi picha walizozihitaji. Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Mbili hula 43.2. Diski ya terabaiti 1 hujaa kwa siku 23 hivi, kisha huanza kujifuta, wakati mwenye nyumba anaamini ana mwezi mzima. Kwa siku 30 na kamera mbili inahitajika diski ya terabaiti 2. Jambo la pili ni saa. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani ya mashine ikiwa imekufa, saa hurudi nyuma miaka, na video halali hubishaniwa mahakamani kwa sababu ya tarehe yake. Betri hiyo ni ya bei ya soda. Ukaguzi wa leseni uangalie mambo mawili tu kwenye mashine: tarehe ya video ya zamani zaidi iliyopo, na kama saa yake inalingana na ya simu ya mkaguzi.

Kwa Inspekta Jenerali tuna ombi mahususi. Mwenye nyumba aliye na wasiwasi juu ya kinachoendelea ndani ya chumba chake leo ana mawili: kunyamaza, au kwenda kituoni akihofia kugeuzwa mshukiwa. Wengi hunyamaza. Wekeni afisa mmoja katika kila kituo cha maeneo yenye nyumba nyingi za aina hii, mwenye namba ya simu inayojulikana na wenye leseni. Aliyeripoti kwa nia njema na kukabidhi daftari lake achukuliwe kuwa shahidi hadi kuwe na sababu ya kumtilia shaka. Maombi ya daftari yaje kwa maandishi, na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, yakitaja nyumba na usiku husika. Anayekuja mlangoni na kudai kitabu kizima cha mwezi asipewe, hata akiwa na sare, kwa sababu humo mna majina ya watu wasio na hatia waliokuja kupumzika.

Usajili wenyewe hauhitaji sheria mpya. Jedwali la Tisa la Sheria ya Utalii ya 2011 tayari linataja villa, nyumba za wageni na fleti zenye huduma. Kinachokosekana ni kumsajili mtu sahihi. Fleti moja inaweza kuwa na mmiliki aliye Dubai, mpangaji wa mwaka aliyeikodi na kuipangisha tena, wakala anayepokea simu, na keateka anayefungua mlango. Fomu ikimwandika mmiliki pekee, usiku wa tukio hakuna wa kumpigia. Iandikwe anayekabidhi ufunguo, pamoja na namba yake, na ibadilishwe ndani ya siku saba akibadilika. Namba ya leseni ioneshwe kwenye kila tangazo, na jukwaa liondoe tangazo lisilo nayo. New York ilianza kulitekeleza hilo Septemba 2023, na Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya 2024/1028 ya kuyataka majukwaa yazihakiki namba hizo kuanzia 20 Mei 2026.

Wengi hawajisajili kwa kuogopa kodi. Tozo ya utalii ya asilimia 2, kibali cha kaunti na kodi ya mapato zina mahali pake, na tunazilipa. Lakini usajili wa usalama ukiwa mtego wa kuwanasa watu kwa malimbikizo ya miaka mitano, mtawasajili wale wale waaminifu waliokuwepo tangu awali, na nyumba za hatari zitabaki gizani. Toeni miezi 12 ambayo aliyejisajili hataulizwa ya nyuma.

Msianze nchi nzima. Anzeni na Kilimani na Roysambu, siku 90, wenye leseni watakaojitolea, na tutawaleta. Hesabuni maswali yaliyoulizwa, yaliyojibiwa hailingani, dakika zilizotumika kwa kila mgeni, mara ambazo mfumo ulikwama baada ya saa mbili usiku, na malalamiko ya wageni waliokataliwa. Chapisheni takwimu hizo zote, hata zile za kuaibisha. Tunaomba siku ya kuanza itajwe kwa tarehe.

Wenu katika kazi hii,

Wenye nyumba, mawakala na wafanyakazi wa nyumba za kukodi kwa siku, Nairobi, Nakuru na Mombasa